Skuli ya Mapadri, Watoto wa Chuoni

"Nambie kweli mwalimu, mwanangu hamumgeuzi dini?"

Kila Januari, siku ya kuchukua fomu za kidato cha kwanza, hapakosi mama wa kuniuliza hivyo, kwa sauti ya chini, buibui kalishika kwa mkono mmoja na vyeti vya mtoto kwa mwengine. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya Kikatoliki hapa Mjini, ya mchanganyiko, wavulana na wasichana. Namjibu: hapana, mama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulishatamka mwaka 1965 kwamba mtu halazimishwi imani. Na kwa Unguja hii, ambako Wakristo wa darasa zima unawahesabu kwa vidole, skuli itakayojaribu mchezo huo haitafika Ijumaa.

Wala si jambo geni. Kabla ya Mapinduzi, masista wa kanisa la Minara Miwili walikuwa na skuli ya St. Joseph's Convent, ndiyo skuli ya Tumekuja ya leo. Farrokh Bulsara, mwimbaji Freddie Mercury wa baadaye, alisoma hapo aliporudi kutoka India mwaka 1963, naye ni mtoto wa Kiparsi, si Mkristo. (Skuli ya utotoni mwake ilikuwa ya masista wa Kianglikana, watembezaji wageni huzichanganya kila siku.) Tarehe 23 Septemba 1964 ikatangazwa elimu bila malipo, na skuli za aina ile zikawa za Serikali.

Basi dini hainikoseshi usingizi. Kinachonikosesha ni saa.

Mtoto wa hapa ana skuli mbili: asubuhi yuko kwetu, alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilipanga masomo ya ziada ya hisabati kwa kidato cha nne, saa tisa mpaka kumi na moja. Wiki ya kwanza waliingia wote. Ya pili, nusu. Nikawaita wazazi, nikafoka. Baba mmoja akaningoja nimalize, akasema taratibu, "Sasa mwalimu, ustadhi wao ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Jioni ile nikaenda. Tukakaa barazani, akanitolea daftari lake la mahudhurio, limepigwa mistari kwa rula, majina ya wanafunzi wangu yote yamo, na mbele ya kila jina juzuu aliyofika. Ana ratiba kali kuliko yangu. Tukapatana: kidato cha nne wasome kwake baada ya Magharibi mpaka mitihani ipite.

Tangu hapo ratiba naianza kwa adhana. Ijumaa kipindi ni dakika 30 badala ya 40. Tukianza saa moja na nusu, vipindi saba na mapumziko ya nusu saa, kengele ya mwisho inalia saa tano na nusu, mtu anawahi kwenda kukoga na kuvaa kanzu. Ramadhani, fizikia na michezo naviweka asubuhi mapema. Ukiiweka fizikia saa sita mchana unafundisha ukuta.

Masomo ya dini yana ufundi wake. Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu yote mawili yamo katika orodha ya Baraza la Mitihani, kwa hivyo lazima yakae kipindi kimoja, vyumba viwili. Ukiyatenganisha, kila mara kuna kundi litakalobaki uwanjani halina kazi, na kundi lisilo na kazi kwenye skuli ya mchanganyiko ni mashtaka mezani kwangu kabla ya saa nane.

Kuhusu huo mchanganyiko wenyewe, wazazi huhofia madawati. Mimi huangalia maabara. Ukiwaacha wapange makundi wenyewe, mvulana atashika bureti, ile bomba ya kupimia kemikali, na msichana ataandika namba, mwaka mzima, kisha siku ya mtihani wa vitendo msichana anatetemeka. Kwetu wanapokezana kwa zamu, na zamu imebandikwa mlangoni.

Ratiba ya muhula natoa nakala tatu: ya ubaoni, ya mkuu wa skuli, na moja nampa mwanafunzi aipeleke chuoni. Muhula huu ya chuoni ilirudi kesho yake, imezungushiwa wino mwekundu. Nilipanga jaribio la kemia siku ya khitma yao.