Kula ya 47 kwenye kesi ya 46

Juzi jamaa kaniletea DeskMini X300, kile kiboksi cha kompyuta ndogo cha ASRock cha sentimita 15 na nusu kwa 15 na nusu, na kula kashanunua kabisa, Thermalright AXP90-X47, anasema fundi we funga tu. (Kula yaani cooler, kipoza joto cha prosesa jamani, sio ya ubwabwa.) Nikamuuliza urefu uliangalia? Akanijibu si ndogo hiyo, itaingia tu.

Sasa hiyo 47 kwenye jina ndo urefu wenyewe kwa milimita, na ile kesi (kiboksi chenyewe) nafasi yake ya kula mwisho ni 46. Tukajaribu, ikaingia kwa kusukumasukuma, kuwasha tu feni inakwaruza kava krrrr kama panya yuko kwenye gunia.

Na hata isingekwaruza bado shida ipo, maana hizi kula fupi feni inakaa juu na inavuta hewa kutokea upande wa kava, ukiibananisha pale inazunguka tu inapiga kelele hewa haipati. Mi huwa napima hivi: ipe prosesa kazi nzito dakika kumi kava ikiwa imefungwa, soma joto, fungua kava usome tena. Likishuka sana ujue feni ilikuwa inakosa pumzi, kubadilisha pesti (ile ya kupaka kati ya prosesa na kula) hakutakusaidia kitu.

Nikamwekea Noctua NH-L9a, hitisinki (yale mapezi ya kutawanya joto) milimita 23, feni 14, jumla 37, kwahiyo zinabaki 9 za hewa. Kwa macho inaonekana kama kichezeo, na shaba ya kubeba joto ni chache kuliko ile 47, lakini humo ndani ndo inafanya kazi. Angalizo, skrubu zake zinaingilia nyuma ya bodi, kwahiyo funga kabla hujarudisha bodi kwenye kesi, usije ukafungua mara mbili kama mimi siku ya kwanza.

Halafu wati. Prosesa yake Ryzen 5 5600G, boksi limeandikwa 65 ila ikikazwa inaruhusiwa kuvuta mpaka 88, na hapo kula ya 37 inaanza kulia. Nikaingia kwenye bayosi (setingi za bodi) nikashusha cTDP, yaani kikomo cha wati za prosesa, iwe 45, feni ikatulia, na yeye kazi zake Excel na mpira hajaona tofauti yoyote. Watu wanabishana kula ipi kali wakati hiyo setingi ni bure kabisa. Na zile video za majaribio wengi wanapimia kwenye chumba cha nyuzi 21, hapa Dar Januari chumba bila AC kina 32, hizo 11 zinazozidi unaziongeza karibu zote kwenye joto la prosesa.

Rami (memori) kwenye DeskMini ni za laptop, zimelala, hazigusi kitu. Ila kwenye mini-ITX ya kawaida (zile kompyuta za bodi ndogo) pima na rami, hasa zile ndefu za mataa.

Ile 47 kaniachia, ipo kwenye droo. Mwenye kesi yenye nafasi ya 55 hivi aje tuongee.