Taa ya mlango haizimi? Acha kwanza kuubamiza

Wiki hii pekee nimeambiwa mara nne: "Fundi, mlango haushiki sawasawa, mpaka niubamize ndio ile taa ya mlango kwenye dashibodi izime." Wa nne alikuwa mama mmoja wa Likoni mwenye Corolla 110. Nilimsikia kabla sijamwona. Bam! Bam! Bam! Kutoka kwenye banda nilijua anayekuja ana shida gani.

Basi tuelewane. Swichi ya mlango haijui nguvu. Kwenye gari hizi za zamani, fungua mlango utazame kwenye nguzo ya fremu yake: kuna kipini kidogo kilichovishwa mpira mweusi. Mlango ukiwa wazi, kipini kimetoka, vyuma vya ndani vimegusana, waya umepata eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kwenye bodi, taa inawaka. Ukifunga, mlango unakisukuma ndani, vyuma vinaachana, taa inazima. Hakuna kingine. Loki ikishashika kabisa, mlango umefika mwisho wake. Hata ukiubamiza kwa mguu hauingii zaidi.

"Lakini mbona nikibamiza inazima?" Kwa sababu umekitikisa kipini kilichokwama. Kesho kitakwama tena. Huku nyuma umelegeza kioo kwenye reli yake, umekata klipu za kadi ya mlango (lile bao la ndani), na bawaba zinaanza kucheza. Bawaba zikicheza, mlango unashuka, na mlango ulioshuka haukipigi kipini pale panapotakiwa. Sasa shida ilikuwa moja, umezifanya mbili, na hiyo ya pili ni ya fundi wa bodi, si yangu.

Kinachokwamisha kipini huku Pwani ni chumvi. Mpira unapasuka, upepo wa bahari na maji ya kuoshea gari yanaingia, ndani panaota ukungu wa kijani. Siku ya mvua taa inawaka, jua likitoka inazima, mwenye gari anasema imejiponya. Haijajiponya, imekauka.

Kuitafuta swichi mbovu ni rahisi. Pita mlango kwa mlango, ukibonyeza kila kipini kwa kidole mara kumi hivi. Kizima kinateleza na kurudi upesi; kibovu kinasaga kama kina mchanga. Fungua skrubu yake, vuta swichi, chomoa waya. Ikiwa milango mingine imefungwa na taa ikazima, umempata mwizi wako. Ila kabla hujachomoa, nakuomba sana, FUNGA WAYA KWA UZI. Ukiponyoka ukarudi ndani ya nguzo, utashinda hapo mpaka magharibi ukiuvua kwa ndoana. Kisha msasa laini, futa, grisi kidogo kwenye kipini, na mpira mpya. Kama kipini kimeliwa na kutu, nunua swichi nyingine, usibembeleze.

Mengine nitayapita haraka. Eti balbu ya dashibodi imeharibika: balbu mbovu haiwaki. Eti mashine ya kompyuta itaonyesha: kwenye gari kama ile ya huyu mama, waya huo hauendi kwenye kompyuta ya gari, mashine haitaona kitu, usilipe mtu. Gari ambazo swichi imo ndani ya loki yenyewe ni habari nyingine. Hizo angalia pia nyaya zinazopita kwenye mpira wa bawaba, hukatika kwa kukunjwa kila siku.

Na wale wa "toa balbu, ni taa tu". Sawa, toa. Swichi hiyohiyo mara nyingi ndiyo inayowasha taa ya darini. Balbu ya wati 5 inakula kama ampia 0.4. Acha gari pale stesheni ya Miritini, panda treni ya SGR, kaa Nairobi siku tatu: zimekwenda ampia-saa 30 kwenye betri ya 45. Ukirudi utatafuta wa kukusukuma. Wanaokata waya kabisa ndio wananichosha zaidi, maana alamu nyingi zinasikiliza waya huohuo, na mlango huo ukifunguliwa usiku haitalia. Sisemi kuhusu mtoto aliyeegemea mlango wa nyuma ambao haujashika.

Yule mama wa Likoni nilimsafishia kipini cha mlango wa dereva, nikamvisha mpira mpya, taa ikazima kwa kusukuma kwa kidole tu. Nikamwonyesha mara mbili. Akashukuru, akaingia garini, akaubamiza mlango mpaka kioo kikalia.