Mgonjwa wa Parkinson na ubao wa herufi

Katika kliniki za macho hapa Mbeya, mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea, anaweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa 6/6, yaani kiwango cha kawaida cha kuona, na kuambiwa kwamba macho yake ni mazima, ilhali binti aliyemsindikiza anaeleza kuwa ukungu ukitanda Tukuyu, baba haoni kingo za ngazi za saruji mlangoni pake. Maelezo ya binti huyo nayapa uzito kuliko ubao, kwa sababu ubao una herufi nyeusi juu ya weupe, na kinachopungua katika ugonjwa huu ni uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana.

Dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli ambayo hupungua katika Parkinson, haitengenezwi kwenye ubongo tu. Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zimo seli za amakrini zinazoitengeneza na kuitumia kurekebisha mawasiliano ya seli nyingine kulingana na mwanga uliopo, na zinapodhoofika, kivuli na kitu huanza kufanana. Kwa baadhi ya wagonjwa levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, huurejesha uwezo huo kwa kiasi, jambo linaloonyesha kwamba miwani mipya peke yake haitatosha.

Mabadiliko hayo huonekana pia katika umbo la retina. Kipimo cha OCT, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hupiga picha za tabaka za retina kwa mwanga, na kwa wagonjwa wengi huonyesha kukonda kwa tabaka la seli za ganglioni, ambazo nyuzi zake ndizo huungana kuwa neva ya macho. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 ulibaini tofauti za namna hiyo kwa wastani wa miaka 7 kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Hata hivyo, huo ni wastani wa makundi makubwa ya watu. Presha ya macho pia hukondesha tabaka hizo hizo, nayo ni ya kawaida sana kwetu. Kwa hiyo nikiona picha ya namna hiyo hupima kwanza presha na kuchunguza kichwa cha neva ya macho, yaani pale inapoanzia ndani ya jicho, na simtangazii mtu Parkinson kwa OCT pekee.

Nyumbani, pakeni kingo za ngazi rangi nyeupe na ongezeni taa. Mzee akisema anaona watu au wanyama wasiokuwepo, msimkemee wala msikimbilie kutafuta mchawi: mwelezeni daktari anayempa dawa, kwa kuwa maono hayo mara nyingi hutokana na ugonjwa wenyewe au dawa zake, na dozi inaweza kurekebishwa.