Kushiriki na kushirikishwa

Mwezi uliopita nilikaa chini ya mkorosho katika kijiji kimoja cha upande wa Mtama, mkoani Lindi, kwenye mkutano wa habari ya barabara mpya. Ofisa aliyekuja kutoka mjini alikuwa na ramani ya rangi, imeshapigwa laminesheni kabisa. Bibi mmoja akainuka, akaegemea fimbo yake, akauliza: "Mjukuu wangu, huo mstari mwekundu mbona kama unapita kwenye mikorosho yangu?" Ofisa akamjibu kwa adabu tu: "Bibi, hayo yameshapangwa. Leo tumekuja kuwashirikisha."

Likazungushwa kaunta buku la mahudhurio, kalamu imefungwa kwa uzi. Tukasaini wote, hata mimi niliyekuwa mgeni wa watu pale. Ripoti ya siku ile sijaiona, lakini naweza kuikariri: wananchi walishirikishwa.

Ushiriki wa wananchi maana yake ni watu kuwa na sehemu katika kuamua mambo yanayowahusu, siku ya kura na siku nyingine zote kati ya kura na kura. Hilo halina ugumu. Kinachonikera ni herufi nne zinazobandikwa mwishoni mwa neno kushiriki: s, h, w, a.

Shina lenyewe ni la Kiarabu, na linabeba habari ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na wenzako. Huku kwetu Mtwara na Lindi tunalo mdomoni kila msimu, maana korosho zinapita chama cha ushirika cha msingi, na kila mwanachama anajua kilo zake ngapi zimo ghalani. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi wakisema Ushirika Mtakatifu wanazungumzia kula na kunywa. Hakuna anayeitwa mezani akatazame wenzake wakila. Kushiriki, basi, ni kitendo chako mwenyewe. Unalo fungu, unalishika.

Sasa ongeza hizo herufi. Waliosoma chuo cha Kurani wataelewa haraka, maana neno shirki linatoka shina hilohilo. Mtu akimshirikisha Mwenyezi Mungu na jiwe, dhambi ni ya huyo mtu. Jiwe lenyewe limefanya nini? Limeokotwa, limesimamishwa mahali, likapewa cheo ambacho halikukiomba, wala halina habari. Jiwe limeshirikishwa, halikushiriki. Ndivyo kauli hiyo ilivyo: kuna mtendaji, na huyo mtendaji si wewe. Ni kama kula na kulishwa. Wote wawili wanashiba, ila anayelishwa ni mtoto au mgonjwa, na kijiko kipo mkononi mwa mwingine.

Ajabu ni kwamba hata tukilalamika tunalitumia neno hilohilo. Mwaka 2013, Mtwara ilipochafuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, nililisikia sana vibarazani: "Hatukushirikishwa." Uchungu ulikuwa wa haki. Lakini ukisema hivyo umeshakubali kwamba mlango una mwenyewe, nawe kosa unaloliona ni kutofunguliwa tu. Katiba yetu haikuandika hivyo. Ibara ya 21 inasema kila raia anayo haki na uhuru wa "kushiriki kikamilifu" katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Kweli, Ibara ya 146 inalitumia neno kuwashirikisha wananchi, ila pale linazihusu serikali za mitaa. Ni mamlaka yao. Haki yetu imeandikwa kwa kitenzi kingine.

Nadhani neno siasa nalo limechangia. Zamani Kiswahili kililitumia hata kwa maana ya upole na uangalifu: mwambie kwa siasa, yaani taratibu, kwa busara. Mwaka 1972 TANU ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo, na siasa ikawa jembe na mbolea. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, neno likaanza kubana, hadi leo wengi wakilisikia wanaona bendera, fulana na kofia. Ndiyo maana pale chini ya mkorosho kijana mmoja alipouliza nani aliamua barabara ipite upande ule, mwenyekiti alimkatiza: "Hapa hatutaki siasa, tunazungumza maendeleo." Kijana hakuwa ametaja chama chochote. Aliuliza nani aliamua, na hiyo ndiyo siasa yenyewe tangu enzi. Ukishaitoa mkutanoni, kinachobaki ni watu kukaa chini na kusaini daftari, nacho lazima kipewe jina, kikapewa ushirikishwaji.

Kushiriki kunatambulika kwa jambo moja: watu wanaweza kusema hapana, na hapana yao ikazuia kitu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa pale. Bibi akinyoosha mkono kukataa, mkono wake unahesabiwa. Au kumbuka minada ya korosho ya Oktoba 2018. Wanunuzi walileta bei zao, zikasomwa, wakulima wakatazamana, wakazikataa. Yaliyofuata ni hadithi ndefu, na wengine hawajaisahau mpaka leo, ila siku ile hakuna mkulima aliyeshirikishwa. Walishiriki.

Simlaumu sana yule ofisa. Alikuja na taarifa, akaitoa vizuri, na taarifa ni kitu cha maana. Wapo wanaoona greda kwanza ndipo wanaambiwa. Mkutano ukiisha nilimfuata mtendaji wa kijiji aliyekuwa akiandika muhtasari, nikamwambia kwa utani kwamba Kiswahili kinalo neno la shughuli ya siku ile, tena halina aibu yoyote: wananchi walijulishwa. Akacheka, akaniambia kwenye fomu hakuna kisanduku cha hilo.