Aliyetiwa hatiani akabaki na kiti chake bungeni: namna ya kuisoma kesi ya Vojislav Šešelj

Maswali yanayofika kwenye dawati la elimu kwa umma kuhusu kesi za kimataifa yameongezeka tangu Agosti 2023. Mwezi huo IRMCT, chombo cha Umoja wa Mataifa chenye matawi Arusha na The Hague, kilitangaza mashtaka mapya dhidi ya mwanasiasa wa Serbia Vojislav Šešelj na wenzake wanne. Wapo wanaouliza kwa nini asumbuliwe mtu ambaye mahakama ilimwona hana hatia, ikamwachia, mwaka 2016. Wapo pia wanaouliza kwa nini yuko mtaani mtu aliyehukumiwa miaka 10 mwaka 2018 kwa hotuba dhidi ya Wakroati wa kijiji cha Hrtkovci, Serbia. Kila upande umeshika nusu ya jalada, na tunaamini haukufanya hivyo kwa nia mbaya.

Jambo moja liondolewe mapema kwa sababu linachosha: Šešelj hajawahi kuwekwa mahabusu Arusha. Alishikiliwa katika mahabusu ya Scheveningen, The Hague, Uholanzi. Arusha inatajwa kwa kuwa IRMCT ni chombo kimoja chenye rais mmoja na mwendesha mashtaka mmoja. Kilirithi kazi za mahakama mbili, ile ya Rwanda iliyokuwa Arusha na ile ya Yugoslavia ya zamani iliyokuwa The Hague. Tawi la Arusha lilianza kazi tarehe 1 Julai 2012, na la The Hague mwaka mmoja baadaye siku hiyohiyo. Rufaa yoyote ya kesi za Yugoslavia iliyofunguliwa baada ya hapo ilikwenda IRMCT, hata kama kesi yenyewe ilisikilizwa na mahakama ya zamani. Ndiyo sababu kesi hii ina namba mbili: IT-03-67 ya awali, na MICT-16-99-A ya rufaa. Anayenukuu namba ya kwanza peke yake huishia kwenye hukumu iliyokwisha kutenguliwa kwa sehemu.

Šešelj alizaliwa Sarajevo mwaka 1954, akapata shahada ya uzamivu Belgrade mwaka 1979 na kufundisha chuo kikuu mjini Sarajevo. Mwaka 1984 alikamatwa kwa sababu ya maandishi yake, akafungwa hadi 1986. Februari 1991, mjini Kragujevac, kiliundwa Chama cha Radikali cha Serbia, SRS, naye akawa kiongozi wake. Sera yao kuu ilikuwa Serbia Kubwa, ambayo mpaka wake wa magharibi ungepita Karlobag, Ogulin, Karlovac na Virovitica. Ichukue ramani uufuate mstari huo: Bosnia yote imemezwa, na Kroatia imebakiwa na kipande. Desemba 1992 chama kilipata viti 73 kati ya 250 vya bunge la Serbia. Baadaye Šešelj alikuwa meya wa Zemun, manispaa ya Belgrade, kuanzia 1996, kisha naibu waziri mkuu wa Serbia kuanzia 1998 hadi 2000.

Vojvodina ndiko tukio lililomtia hatiani lilikotokea. Hili ni jimbo la kaskazini mwa Serbia lenye bunge na serikali yake. Waserbia ndio wengi, lakini wamo pia Wahungari, Waslovaki, Wakroati na Waromania. SRS ilikuwa na nguvu kubwa huko. Maja Gojković, mwanasheria na mmoja wa waasisi wa chama, alichaguliwa meya wa Novi Sad mwaka 2004, wakati meya alipokuwa bado akichaguliwa na wananchi moja kwa moja. Mwaka 2008 aliondoka SRS, mwaka uleule Tomislav Nikolić na Aleksandar Vučić walipojitenga na kuunda chama chao, SNS, kilichokuja kutawala Serbia. Gojković naye alihamia huko baadaye, akawa spika wa bunge la Serbia kuanzia 2014 hadi 2020, na Mei 2024 akawa mkuu wa serikali ya Vojvodina. Anayetaka kuwaelewa watawala wa Serbia ya leo aanzie orodha ya viongozi wa SRS ya mwaka 2003.

Hrtkovci ni kijiji cha wilaya ya Ruma, katika eneo la Srem ndani ya Vojvodina. Tarehe 6 Mei 1992, wakati wa kampeni, Šešelj alihutubia mkutano hapo. Vita vilikuwa Kroatia na Bosnia; Vojvodina haikuwa uwanja wa mapigano. Aliwaambia waliohudhuria kwamba Wakroati hawana nafasi kijijini na wanapaswa kuondoka, na mkutanoni yakasomwa majina ya Wakroati wa kijiji hicho. Yaliyofuata ni vitisho, nyumba kuvamiwa, na familia kubadilishana nyumba zao na wakimbizi Waserbia kwa masharti ambayo mtu mwenye hiari asingeyakubali. Kwa muda kijiji kilibadilishwa hata jina, kikaitwa Srbislavci. Hapo ndipo penye kiini cha kesi, si kwenye miaka yake yote ya siasa.

Mahakama ya awali ilitoa hukumu tarehe 31 Machi 2016. Šešelj aliachiwa kwa mashtaka yote, mengi yake kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja. Kuhusu Hrtkovci, majaji walio wengi hawakushawishika kwamba hotuba ndiyo iliyowaondoa watu. Jaji Flavia Lattanzi aliandika kwa ukali kupinga. Magazeti mengi yaliishia hapo, na wasomaji nao wakaishia hapo.

Utaratibu haukuishia hapo. Mwendesha mashtaka ana haki ya kukata rufaa dhidi ya kuachiwa. Wengi husahau jambo hili kwa kudhani rufaa ni ya mshtakiwa peke yake. Notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Hoja za mrufani hufuata ndani ya siku 75 baada ya notisi, mjibu rufaa ana siku 40, na majibu ya mwisho ya mrufani yana siku 15. Siku ya 30 ikiangukia mwisho wa wiki, inasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, na ndivyo ilivyokuwa hapa: notisi iliwasilishwa Jumatatu tarehe 2 Mei 2016. Rufaa haisikilizi kesi upya. Mrufani anayedai kosa la ushahidi lazima aonyeshe kwamba hakuna jaji mwenye busara ambaye angefikia uamuzi ule kwa ushahidi uleule. Kizingiti hicho ni kirefu, na rufaa nyingi hugonga hapo.

Tarehe 11 Aprili 2018 jopo la rufaa, likiongozwa na Jaji Theodor Meron, lilisema kizingiti kimevukwa kwa Hrtkovci. Lilimtia Šešelj hatiani kwa kuchochea kuhamishwa watu kwa nguvu, kufukuzwa kwao nchini na mateso ya kibaguzi, na kwa kutenda yeye mwenyewe mateso ya kibaguzi. Yote haya ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Jopo lilikosoa pia mambo mengine katika hukumu ya awali, lakini halikumtia hatiani kwa matukio ya Kroatia na Bosnia. Kwa hiyo, anayesema alihukumiwa kwa vita vya Bosnia amekosea. Anayesema aliachiwa naye amekosea.

Neno uchochezi linahitaji kusimamishwa kidogo, maana kwa Kiswahili tunalitumia kwa mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Kuna uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kutenda mauaji ya kimbari. Kosa hilo linakamilika maneno yanapotamkwa, hata asipouawa mtu. Na kuna kuchochea uhalifu mwingine, ambako lazima uhalifu uwe umetendeka, na maneno yawe yamechangia kwa kiasi kikubwa kutendeka kwake. Tofauti hii iliwekwa bayana katika kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda, iliyosikilizwa Arusha dhidi ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze. Hukumu yake ilitolewa Desemba 2003, na rufaa yake ikaamuliwa tarehe 28 Novemba 2007. Waliowahi kuifuatilia kesi hiyo Arusha wanapaswa kuielewa ya Hrtkovci kwa wepesi, maana swali ni lilelile: je, maneno yalisukuma tendo? Majaji wa kwanza wa Šešelj walisema haijathibitika. Majaji wa rufaa walisema hakuna jaji mwenye busara angeweza kufika hapo.

Sasa miaka 10. Hesabu hii tunaieleza kila wiki, na tutaieleza tena. Muda wa mahabusu kabla ya hukumu ya mwisho hupunguzwa kwenye kifungo. Šešelj alijisalimisha na kuwekwa Scheveningen tarehe 24 Februari 2003, akaachiwa kwa muda kwa sababu za kiafya tarehe 6 Novemba 2014. Hiyo ni zaidi ya miaka 11 na miezi 8. Kumi imo ndani ya kumi na moja. Jopo likatangaza kuwa kifungo kimekwisha kutumikiwa. Hakusamehewa na hakutoroka gerezani. Ni kweli kwamba Machi 2015 aliamriwa arudi The Hague akakataa, na Serbia haikumpeleka; lakini wakati huo miaka ilikuwa imekwisha kupita kumi.

Mbona mahabusu ilirefuka hivyo? Alishikilia kujitetea mwenyewe bila wakili. Mahakama ilimwekea wakili, akagoma kula mwishoni mwa 2006, na Desemba mwaka huo haki ya kujitetea ikarejeshwa. Kesi ikaanza upya Novemba 2007. Agosti 2013, ushahidi ukiwa umekwisha kusikilizwa, Jaji Frederik Harhoff aliondolewa kwa sababu ya barua aliyoiandika kuhusu maamuzi ya mahakama yenyewe. Jaji mpya ilibidi asome jalada lote tangu mwanzo. Kila hatua kati ya hizi ilikuwa halali, ila kwa pamoja ziliila kesi.

Hatia na kiti cha siasa ni vitabu viwili. Šešelj aliongoza orodha ya SRS katika chaguzi za 2003 na 2007 akiwa mahabusu, maana mahabusu si hatia, na chama kikapata viti 82 kisha 81. Mwaka 2012 kilianguka chini ya kizingiti cha kura za kuingia bungeni, wakati huo asilimia 5, na 2014 vilevile. Aprili 2016, wiki chache baada ya kuachiwa, kilirudi bungeni na viti 22, na yeye akawa mbunge. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ya Serbia ilisema mbunge anapoteza kiti akihukumiwa kwa hukumu ya mwisho kifungo kisichopungua miezi 6 kisicho cha nje. Miaka 10 si miezi 6. Hata hivyo alikaa bungeni hadi muda wa bunge lile ulipokwisha mwaka 2020, spika akiwa Gojković yuleyule. Mahakama ya kimataifa haina mkono wa kumvua mtu ubunge. Hilo ni la bunge la nchi, na bunge halikufanya. Lawama za jambo hili zielekezwe Belgrade. Mwaka 2020 wapiga kura waliipa SRS takriban asilimia 2, na kizingiti kilikuwa kimeshushwa hadi 3.

Limebaki la kuidharau mahakama, ambalo wengi hulichukulia kama utovu wa adabu kizimbani. Sivyo. Mara nyingi ni kuchapisha jina, anwani au kazi ya shahidi ambaye mahakama imeamuru alindwe. Šešelj alitiwa hatiani kwa hilo mara tatu wakati kesi kuu ikiendelea: miezi 15 mwaka 2009, miezi 18 mwaka 2011, na miaka 2 mwaka 2012, hasa kwa vitabu vyake na tovuti yake. Kwa kanuni za mahakama ya Yugoslavia kosa hilo lilikuwa na adhabu ya hadi miaka 7 gerezani, au faini ya hadi euro 100,000, au vyote. Kusema kwamba jina tayari liko mtandaoni si utetezi. Amri ya ulinzi inabaki kuwa amri hata kesi ikifungwa, na inamhusu pia anayesambaza kurasa hizo kwa simu. Mnaotutumia kurasa za vitabu hivyo mkitaka tuwatafsirie, tafadhali acheni.

Mashtaka yaliyotangazwa Agosti 2023 ni ya aina hiyo. Hayafungui tena Hrtkovci, na wala hayagusi miaka 10. Mwaka 2024 IRMCT iliamua kesi hiyo ipelekwe mahakama za Serbia. Mpaka hukumu itolewe, ni mashtaka tu.