Feleji safi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu mtiririko wa chuma kilichoyeyuka

Dhana: chembe za uchafu ni nyepesi, zitaelea zenyewe.

Kwamba ni nyepesi, ni kweli. Kwamba zitafika juu kwa wakati, ni jambo jingine. Alumina, yaani oksidi ya aluminiamu inayozaliwa aluminiamu inapotiwa kuondoa oksijeni, ina takriban kilo 3,900 kwa mita ya ujazo. Feleji (chuma cha pua) kimiminika ina kama 7,000. Kwa kanuni ya Stokes, inayokadiria kasi ya chembe ndogo ndani ya kimiminika, chembe ya kipenyo cha mikroni 100 hupanda milimita 3 hivi kwa sekunde, hivyo mita moja huimaliza kwa dakika tano au sita. Chembe ya mikroni 10 huenda polepole mara mia zaidi: mita hiyohiyo huichukua saa tisa hivi. Sasa chukua tandishi, yaani beseni lililo kati ya ndoo ya feleji na kalibu (umbo ambamo feleji huganda), lenye tani 30 na kutoa tani 3 kwa dakika. Feleji hukaa humo dakika 10 kwa wastani, na sehemu yake hutoka mapema zaidi.

Chembe ndogo huondoka kwa njia nyingine: hugongana na kushikamana hadi zikue, hunaswa na viputo vya gesi ya agoni inayopulizwa ndani, au mtiririko huzifikisha kwenye slagi, tabaka la oksidi zilizoyeyuka linaloelea juu ya feleji. Modeli ya kompyuta isiyohesabu migongano haiwezi kusema mengi kuhusu chembe hizi. Na ikihesabu kila chembe iliyogusa slagi kuwa imemezwa, itakupa feleji safi kuliko ile halisi.

Dhana: basi tuongeze agoni.

Agoni nyingi hupasua slagi, jicho (pengo kwenye slagi) hufunguka, feleji iliyo wazi hukutana na hewa, na alumina mpya huzaliwa. Matone ya slagi nayo huburutwa chini. Koroga kwa nguvu wakati wa kuchanganya viungo au kuondoa salfa, kisha malizia kwa upole: uso wa slagi utikisike kidogo, jicho lisionekane.

Dhana: maji ya kwenye modeli hayawezi kuwakilisha feleji.

Yanaweza, kwa mwendo. Mnato wa feleji kwa nyuzi 1600 ukigawanywa kwa msongamano wake hukaribia ule wa maji ya nyuzi 20. Modeli ya ukubwa kamili hutimiza pamoja namba ya Reynolds (nguvu za mwendo dhidi ya mnato) na ya Froude (nguvu za mwendo dhidi ya mvutano wa dunia). Ukiipunguza hadi theluthi moja, fuata Froude: kasi iwe 0.58 ya halisi, na ujazo unaopita 0.064 tu. Reynolds itashuka hadi kama moja ya tano, jambo linalovumilika maadamu msukosuko umebaki kamili.

Maji hudanganya penye mvutano wa uso. Hulowesha alumina, feleji hailoweshi, hivyo viputo na chembe hufuata tabia tofauti. Athari ya joto nayo haionekani: feleji inayoingia tandishi ikiwa baridi kuliko iliyomo, hata kwa nyuzi chache, huzama na kutambaa sakafuni hadi kwenye tundu la kutokea. Maji ya joto moja hayawezi kuonyesha hilo.

Dhana: picha ya kompyuta ikiwa tulivu, kalibu iko salama.

Modeli zinazokokotoa mtiririko wa wastani hufuta mitikisiko ya muda mfupi, na mara nyingi poda ya kalibu, inayofunika uso wa feleji, humezwa katika mitikisiko hiyohiyo. Kasi ya mita 0.2 hadi 0.4 kwa sekunde karibu na uso ndiyo wengi huilenga katika kumimina mabamba. Ikizidi sana, poda huvutwa ndani. Ikipungua sana, uso huanza kuganda na sehemu zilizoganda zenye umbo la ndoano hunasa chembe na viputo.

Kwa hiyo pima kabla ya kuamini rangi za skrini. Panga misumari kwenye ubao, izamishe kalibuni kwa sekunde 3 hadi 5, kisha itoe. Feleji hugandia ncha ya kila msumari, na upande unaopigwa na mkondo hupanda juu kuliko wa pili. Tofauti ya vimo hivyo hutoa kasi. Upande ulioinuka huonyesha mkondo unakotoka. Ukiona misumari inaonyesha mwelekeo tofauti na modeli, rekebisha modeli: anza na pembe ya matundu ya bomba la kuzamisha (linaloingiza feleji kalibuni), kina chake, na kiasi cha agoni ulichoingiza.