Inakutekenya au inakuwasha? Habari za Louis Jouvet

Nikifungua darasa jipya la uigizaji, mara nyingi hakosi kijana mwenye kigugumizi, kajibanza nyuma karibu na mlango. Huyo ndiye ninayemsimulia habari za Louis Jouvet, mwigizaji na mwongozaji wa tamthiliya wa Kifaransa.

Jouvet alizaliwa Crozon, kule Bretagne, Ufaransa, mwaka 1887. Ujanani alikuwa na kigugumizi, na nyumbani walitaka awe mfamasia. Akasoma, akahitimu kweli. Ila moyo wake ulikuwa jukwaani. Conservatoire ya Paris, chuo chenye jina kubwa kuliko vyote katika fani hii, kilimkataa mara tatu. Mwaka 1934 chuo hichohicho kikamwita aje kufundisha.

Hakuanza kama nyota. Mwaka 1913 aliingia Vieux-Colombier, ukumbi mpya wa mwongozaji Jacques Copeau, akawa mtu wa kila kazi: anaigiza, anasimamia jukwaa, anahangaika na taa. Kuna taa alizozibuni ambazo mafundi waliziita kwa jina lake. Sisi wa jukwaani tunajua heshima ya namna hiyo ni nzito kuliko makofi.

Kisha mwaka 1923 ikaja Knock, tamthiliya ya Jules Romains. Daktari mgeni, ndiye Knock aliyeigizwa na Jouvet, anaingia mji wa watu wenye afya zao na kuwashawishi mmoja mmoja kwamba wanaumwa. Mpiga mbiu wa mji anamwambia kwamba akishakula, kuna kitu kinamtekenya hapa tumboni, au tuseme kinamwasha. Daktari anamkatiza: ngoja, tusichanganye mambo. Inakutekenya au inakuwasha? Maskini anababaika, na ugonjwa umeshapatikana! Itazame filamu ya 1951 usikie Jouvet anavyolitoa swali hilo: maneno yamekatwakatwa, mazito, kama mtu anayepima dawa kwenye mizani. Kwangu mimi, kigugumizi hakikumtoka. Alikifundisha adabu tu. Na kila mapato ya mlangoni yalipopungua, aliirudisha Knock jukwaani.

Filamu alizifanya ili apate fedha za kuendeshea kundi lake. Hata hivyo Hôtel du Nord ya 1938 na Quai des Orfèvres ya 1947 zinatazamika mpaka leo.

Penzi lake kubwa la kikazi lilikuwa maandishi ya Jean Giraudoux, mwandishi wa tamthiliya, tangu Siegfried ya 1928. Mwaka 1941, Wajerumani wakiwa wameikalia Paris, Jouvet alilichukua kundi lake akaenda Amerika ya Kusini. Aliporudi mwaka 1945, Giraudoux alikuwa ameshafariki. Alichofanya ni kuiweka jukwaani tamthiliya aliyoiacha rafiki yake, La Folle de Chaillot, katika ukumbi wake wa Athénée.

Humo ndimo alimokuwa Agosti 1951, katikati ya mazoezi, moyo ulipomshika. Siku mbili baadaye, tarehe 16, akafia mlemle, ofisini kwake.